Warsha ya waandishi wa michezo kwenye mbio za farasi wa vigari: mwongozo kamili kutoka Vincennes

Mwandishi aliyelelewa na soka hufuata mpira. Ukimpeleka kwenye mbio za farasi wa vigari, ambako kila farasi huvuta kigari kidogo chenye mwendeshaji, macho yake humganda farasi aliyetangulia, na hilo ndilo kosa lake la kwanza. Farasi anaweza kuongoza tangu mwanzo, akavuka mstari mita 3 mbele ya wenzake, na jina lake lisionekane kwenye matokeo, kwa sababu alibadili mwendo njiani, jambo lililokatazwa. Mchezo huu humlazimisha mtu kutazama miguu, kuwasubiri waamuzi na kupiga hesabu kabla ya kuandika, ndiyo maana unafaa warsha kuliko michezo mingi yenye majina makubwa.

Mwongozo huu unatumia uwanja wa Paris-Vincennes, ulio mashariki mwa Paris ndani ya msitu wa Vincennes. Ulifunguliwa mwaka 1863 na tangu 1879 ndio nyumba ya mbio hizi nchini Ufaransa. Msimu wake mkubwa ni wa majira ya baridi, na kilele chake ni Prix d'Amérique, Jumapili ya mwisho ya Januari: farasi 18, mita 2,700. Mashindano hayo yalianza mwaka 1920 kuwaenzi Wamarekani waliokuja kupigana upande wa Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza. Lakini usipeleke wanafunzi siku hiyo. Umati ni mkubwa, waendeshaji hawana muda na mtu, na mgeni hataona zaidi ya migongo ya watu. Chagua siku ya kawaida ya Desemba au Februari, au mbio za jioni chini ya taa.

Maneno kwanza

Kamusi zetu zina maneno matatu ya mwendo wa punda na farasi: telki, matiti na shoti. Mwendo unaotuhusu ni wa pili, matiti: mguu wa mbele wa kulia hugusa ardhi pamoja na wa nyuma wa kushoto, kisha jozi nyingine. Neno ni halali kabisa, ila mhariri yeyote anajua kichwa cha habari chenye neno hilo kitasomwa vipi. Humu tutasema mchakamchaka, maana kila aliyepita shule ya msingi anayajua mapigo yake mawili.

Shoti, yaani mbio za kurukaruka kwa kasi, ndiyo haramu. Telki ya mbio, ambapo miguu ya upande mmoja huenda pamoja, ni jambo jingine: Marekani mbio nyingi za vigari ni za farasi wa aina hiyo, wakiwa wamefungwa mikanda miguuni inayowasaidia kutunza mwendo. Ufaransa hairuhusu, huko ni mchakamchaka tu. Mwanafunzi aliyejiandaa kwa video za Marekani atafika Vincennes akitafuta mikanda ambayo haipo.

Anayeketi kwenye kigari ni mwendeshaji. Usimwite jokii, kwa kuwa jokii hukaa mgongoni. Tatizo ni kwamba Vincennes ina mbio za aina mbili: za kigari, ambazo Wafaransa huziita attelé, na za mchakamchaka wenye mpandaji mgongoni, ziitwazo monté. Zote huweza kuwa kwenye ratiba ya mchana mmoja, na hapo ndipo ripoti nyingi za wageni huchanganya. Mfunza farasi ni yule anayemwandaa mnyama, na mara nyingi Ufaransa ndiye huyo huyo mwendeshaji. Saisi ni anayemlisha, kumwosha na kumfunga matandiko. Mmiliki ni mwenye mali. Kwa kila farasi atakayeandikwa, mwanafunzi awe na majina hayo manne kwenye daftari.

Msomaji wa Nairobi huenda anaujua uwanja wa Ngong. Kule farasi huenda shoti na watu mgongoni, kwa hiyo usiazime msamiati wake wote. Anayewajua punda wa Lamu anaweza kuwa mbele zaidi, kwani ameshazoea kutofautisha mwendo na mwendo.

Ratiba ya siku tatu

Washiriki wasizidi 12. Idadi nzuri ni 8 hadi 10, wakigawanywa makundi mawili, na mwezeshaji mmoja kwa kila kundi.

Siku ya kwanza ni ya darasani, kwa muda wa saa mbili na nusu. Nusu saa ya kwanza ni video ya mbio moja bila sauti, irudiwe mara tatu: mara ya kwanza watazame wanachotaka, ya pili miguu tu, ya tatu mikono ya waendeshaji. Saa moja ni ya kusoma karatasi ya mbio, yaani orodha ya farasi na rekodi zao. Muda uliobaki ni wa kupanga nani atafanya nini.

Siku ya pili ni uwanjani. Mchana mmoja huwa na mbio kama 8, zikipishana kwa takriban nusu saa. Usijaribu kuzifuata zote. Chagua 3: ya kwanza kwa mazoezi ya macho, ya pili kwa kuandika, ya tatu kwa mahojiano. Katikati wapumzike, wanywe kitu cha moto, wasahihishe madaftari. Warsha nyingi huharibika hapa. Mwezeshaji anataka watu waone kila kitu, na kufikia mbio ya tano hakuna anayekumbuka nani alishinda ya pili.

Siku ya tatu ni ya kuandika na kuhariri, kwa muda wa saa tatu, ikiwezekana kesho yake. Ukiiahirisha wiki moja, mwanafunzi ataandika alichosoma mtandaoni badala ya alichokiona.

Mkipata siku ya nne, nendeni Grosbois, kusini-mashariki mwa Paris, kituo kikubwa cha mazoezi ambacho chama cha mbio hizi kilikinunua mwaka 1962. Asubuhi farasi hufanya mazoezi kwenye njia za mchanga, na ndani ya kasri lake kuna makumbusho ya mchezo huu. Shuka Boissy-Saint-Léger, mwisho wa mstari wa treni ya RER A.

Kusoma karatasi ya mbio

Kazi yote iko hapa, kwa hiyo msiharakishe. Kila mshiriki awe na nakala ya karatasi ya mbio zile tatu, imechapwa kwa herufi kubwa, upande mmoja tu, ili upande wa pili uwe wa kuandikia.

Anza na jina la farasi. Farasi wa mchakamchaka waliozaliwa Ufaransa mwaka mmoja hupewa majina yanayoanza na herufi moja. Mwaka 2010 ulikuwa A, 2011 B, na kuendelea hadi V, kisha A tena. Herufi nne za mwisho hazitumiki. Bold Eagle, mshindi wa Prix d'Amérique mwaka 2016 na 2017, alizaliwa 2011. Face Time Bourbon, aliyeshinda 2020 na 2021, ni wa 2015. Idao de Tillard, wa 2024, ni mzaliwa wa 2018. Kwa hiyo mwandishi aliyekariri herufi hujua umri wa farasi kabla hajauliza, na akiona jina lisilofuata mpangilio hujua pengine huyo ni mgeni kutoka Sweden au Italia. Wote huhesabiwa wametimiza mwaka tarehe 1 Januari, hata aliyezaliwa Mei.

Kisha kuna mstari ambao Wafaransa huuita muziki wa farasi, yaani matokeo yake ya karibuni. Mfano:

1a 3a Da (24) 0a 2m 4a

Husomwa kutoka kushoto, na la kushoto ndilo jipya. Nambari ni nafasi aliyomaliza. A ni mbio za kigari, m ni za mpandaji. D ni kuondolewa na waamuzi, mara nyingi kwa kwenda shoti. 0 ni kumaliza nje ya nafasi za mbele, haimaanishi hakukimbia. Mabano yenye 24 yanasema kuwa yanayofuata ni ya mwaka 2024. Farasi huyu basi ameshinda mbio yake ya mwisho, kabla ya hapo alikuwa wa tatu, na kabla ya hapo aliondolewa. Swali la mwandishi linazaliwa hapo hapo: aliyeondolewa majuzi na kushinda juzi amebadilishwa nini? Viatu? Lijamu? Mwendeshaji?

Kuhusu viatu, kuna mtego. Karatasi ina alama nyingine zinazoanza na D: D4 maana yake farasi atakimbia bila viatu vya chuma kwenye kwato zote nne, DA miguu ya mbele mitupu, DP ya nyuma. Haina uhusiano na D ya kuondolewa. Kuvuliwa viatu hupunguza uzito mwisho wa mguu, mahali ambapo hata gramu chache huhesabika kwa kuwa mguu hurushwa maelfu ya mara, na farasi huongeza kasi. Gharama yake ni kwato kuchakaa na kuuma, kwa hiyo mfunza farasi hawezi kufanya hivyo kila wiki. Farasi aliyevuliwa viatu vyote baada ya miezi ya kuvaa ni habari: wenye naye wamekuja kushinda. Mwanafunzi akiandika kwamba farasi ameondolewa mara nne kwa sababu ameona D4, mpe karatasi yake aisome upya mbele ya wenzake, taratibu, bila kumcheka.

Angalia pia fedha. Mbio nyingi za Ufaransa hupangwa kwa jumla ya zawadi ambazo farasi amewahi kupata, na katika baadhi yake waliopata nyingi huanza mita 25 nyuma ya wenzao. Usiandike kwamba fulani alichelewa kuanza kabla hujakagua kama alipangwa nyuma. Zawadi ya mbio nayo ni jumla. Kwa kawaida mshindi huchukua asilimia 45, wa pili 25, wa tatu 14, na waliobaki hugawana hadi wa saba. Mbio ya euro 100,000 haimpi mshindi euro 100,000.

Kufika na kuingia

Omba idhini ya waandishi wiki 3 kabla. Taja majina, idadi, na mbio mnazotaka kuzifuata. Maombi yanayosema tu kwamba tunakuja kujifunza hukaa chini ya rundo. Eleza kama mnataka kuona eneo la mabanda, maana hilo huhitaji mtu wa kuwasindikiza.

Treni ni RER A hadi Joinville-le-Pont, kisha kutembea kama robo saa. Fikeni saa moja na nusu kabla ya mbio ya kwanza. Muda huo ndio farasi hupashwa moto njiani, nao ndio pekee mnapoweza kuwaona kwa utulivu.

Kila kundi liwe na darubini 2 au 3 za ukubwa wa 8x42, saa ya kusimamisha (ya simu inatosha), betri ya akiba, na kalamu za risasi. Kalamu za wino huganda au kufutika mvua ikinyesha. Baridi ya Januari Paris hucheza nyuzi chache juu ya sifuri, na kusimama ukutani nusu saa si sawa na kutembea. Viatu vya soli nene na glovu zinazoacha ncha za vidole wazi ni vifaa vya kazi kama daftari.

Karibu na farasi kuna sheria tatu zisizo na mjadala. Usitumie mwanga wa kamera. Usimsogelee kutoka nyuma; pita ubavuni, karibu na bega, na kwanza mwombe saisi. Usimpe chakula chochote, kwa kuwa farasi hupimwa dawa baada ya mbio na kitu kidogo kutoka mkononi mwako kinaweza kumponza. Mpiga picha aanze na kasi ya 1/1000 mchana. Jioni chini ya taa ashuke hadi 1/500 na apandishe ISO. Anayetaka usuli ufutike na farasi abaki wazi ajaribu 1/60 huku akimfuata mnyama kwa kamera, akijua picha nyingi atazitupa.

Mwanzo wa mbio

Kuna mianzo miwili, na nambari za farasi hubadilika maana kulingana na mwanzo.

Wa kwanza hutumia gari lenye mabawa mawili marefu yaliyofunguliwa. Farasi hukimbia nyuma ya mabawa, gari huongeza kasi, na likifika alama ya kuanzia hukimbia mbele na kukunja mabawa. Vincennes nambari 1 hadi 9 huwa mstari wa mbele, 10 na kuendelea nyuma yao. Hapa nambari ni mahali. Nambari 10 imeanza ikiwa imezibwa na wengine, na mwandishi asiyelijua hilo atamlaumu mwendeshaji kwa kukaa nyuma.

Wa pili, uitwao volte, farasi huzunguka kisha hugeuka pamoja kuelekea njiani, na mwamuzi huwaachia wakiwa sambamba. Ndio mwanzo wa Prix d'Amérique. Huvunjika mara kwa mara: farasi mmoja hugeuka mapema, mwingine huruka shoti, wote huitwa nyuma. Katika mwanzo huu nambari kwa kawaida hufuata fedha, aliyepata kidogo nambari 1, aliyepata nyingi nambari ya juu. Kwa hiyo 18 kwenye mwanzo wa volte pengine ni bingwa, na 18 nyuma ya gari pengine ana kazi ngumu.

Mwanzo ukivunjika, andika saa na nambari za waliosababisha. Farasi aliyegeuzwa mara mbili huingia mbioni na jasho tayari.

Kutazama bila kudanganywa

Njia kubwa ya Vincennes ina mzunguko wa mita 1,975, ndogo mita 1,325. Mita 2,700 kwenye njia kubwa ni mzunguko kamili na mita 725, kwa hiyo farasi hupita mstari wa mwisho mara moja kabla ya kurudi kuumaliza. Kila mwaka kuna mgeni anayeshangilia mara ya kwanza. Ardhi ni nyeusi, ya majivu ya makaa ya mawe, na ndiyo inayowapaka waendeshaji nyuso mwisho wa mbio.

Njia kubwa hiyo si tambarare. Baada ya kupita jukwaa na kukata kona hushuka, ikanyooka, kisha hupanda kabla ya kona ya mwisho na mnyooko wa kumalizia. Mteremko hudanganya: farasi huenda kasi bila kujituma, na mwendeshaji asiye na subira humwachia. Bili huja kwenye mlima. Mwambie mwanafunzi aweke alama kwenye daftari mahali mlima unapoanza, aandike nambari nne za mbele hapo, kisha azilinganishe na nne za mwisho wa mbio. Tofauti kati ya orodha hizo mbili mara nyingi ndiyo habari yenyewe.

Kwenye kundi la watu watano, gawa hivi: mmoja anataja kwa sauti anayeongoza na walio pembeni yake, mmoja anaandika, mmoja anafuata farasi mliyemchagua tangu kwenye karatasi, mmoja anatazama mwendo tu, na wa tano anashika saa. Wabadilishane kila mbio. Asiye na kazi maalumu atatazama kama mtazamaji, naye hatakuwa na cha kuandika.

Anayetazama mwendo ana kazi ngumu kuliko wote. Kwa umbali wa mita 500 miguu huchanganyika, hivyo aangalie kichwa na mgongo. Farasi wa mchakamchaka hukimbia kichwa kikiwa kimetulia kama kinateleza juu ya waya. Akivunja kwenda shoti, shingo hupanda na kushuka na mgongo hupiga mawimbi. Dalili ya pili ni mwendeshaji, ambaye hujivuta nyuma ghafla na hatamu zikakaza. Sheria inamtaka amrudishe farasi kwenye mchakamchaka mara moja bila kupata faida ya nafasi. Anayevuka mstari akiwa shoti hana matokeo. Kuna pia mwendo usio safi, nusu hivi nusu vile, na huo waamuzi huuona kuliko sisi, kwa hiyo mwanafunzi aandike alichokiona, si hukumu.

Upepo nao una sehemu yake. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, anayekaa mgongoni mwa mwenzake hupumzika, na anayekaa ubavuni mwa kiongozi bila mtu mbele yake hubeba upepo peke yake. Wafaransa husema yuko na pua kwenye upepo. Farasi aliyekaa hivyo kilomita moja kisha akamaliza wa tatu huenda amekimbia vizuri kuliko mshindi. Aliye kwenye ukingo wa ndani wa njia, mgongoni mwa kiongozi, anaokoa nguvu lakini anaweza kufungiwa: mbele kuna mtu, pembeni kuna mtu, na mlango haufunguki hadi mstari unapita. Swali la kumwuliza mwendeshaji wake linajulikana.

Darubini isitumike mbio nzima, kwani huficha walio nje ya duara lake. Itumike kwenye mteremko na mlima, kisha mnyooko wa mwisho kwa macho matupu. Kutambua farasi, tumia nambari. Rangi za vazi Ufaransa ni za mmiliki, na mmiliki mmoja anaweza kuwa na farasi wawili humo. Sweden na Marekani mambo hugeuka: rangi ni za mwendeshaji, na hubaki naye farasi akibadilika.

Matokeo na hesabu ya muda

Mtu wa kwanza kuvuka mstari andika kama aliyevuka, si mshindi. Subiri tangazo rasmi. Waamuzi wakifungua uchunguzi, hata ujumbe mfupi wa simu usitumwe, isipokuwa useme wazi kwamba uchunguzi unaendelea. Na hata baada ya matokeo rasmi, vipimo vya dawa vinaweza kuyabadili baadaye. Ukihifadhi habari mtandaoni, rudi kuisahihisha.

Muda huandikwa kwa kilomita moja, si kwa mbio nzima. Hesabu yake ni rahisi. Geuza muda wote kuwa sekunde, gawa kwa umbali wa kilomita. Mbio ya mita 2,700 iliyochukua dakika 3, sekunde 14.4:

194.4 ÷ 2.7 = 72.0

Yaani dakika 1 na sekunde 12 kwa kilomita, na Wafaransa wataandika 1'12"0. Mita 2,100 kwa dakika 2, sekunde 29.1 ni 149.1 ÷ 2.1, sawa na 71.0. Hapo mwanafunzi atasema wa pili ana kasi zaidi. Mzuie. Mbio fupi nyuma ya gari huanza farasi akiwa tayari mbioni, na volte huanza karibu na kusimama. Mita 600 zaidi nazo zina bei yake. Linganisha muda wa umbali mmoja, mwanzo mmoja, njia moja. Vinginevyo unalinganisha mwendo wa basi la Dar kwenda Morogoro na daladala ya Kariakoo.

Saa yenu ya simu ikitofautiana na rasmi, tumieni rasmi. Kazi ya saa yenu ni kupima vipande: mteremko ulichukua sekunde ngapi, mlima ngapi.

Mahojiano

Mwendeshaji aliyemaliza ana tope machoni na pengine ana mbio nyingine baada ya nusu saa. Atakupa sekunde 30. Andaa maswali mawili tu, na yote yawe ya tukio ulilolishuhudia. Swali la kujisikiaje baada ya kushinda litaleta jibu ambalo umeshalisikia kwa kila mchezaji duniani. Uliza badala yake kwa nini alitoka nje kabla ya mlima, au alijua lini kwamba farasi ana akiba.

Saisi ana muda zaidi na mara nyingi anajua zaidi. Yeye ndiye anayejua kwamba farasi hakumaliza chakula jana, kwamba amewekewa vidoto, yaani vikinga macho, kwa mara ya kwanza kwa sababu huogopa vivuli, kwamba ana vizibo masikioni ambavyo mwendeshaji huvichomoa mnyooko wa mwisho ili kelele zimwamshe. Mwulize jina lake na herufi zake, mwandike kwa heshima ileile ya mmiliki.

Lugha ya mabanda ni Kifaransa. Washiriki wenye asili ya Kongo, Burundi au Rwanda wanaokijua watakuwa wakalimani wa asili, lakini wasigeuzwe wakalimani wa siku nzima, nao wamekuja kuandika. Rekodi kwa sauti, tafsiri baadaye, na katika habari usiweke alama za kunukuu kwenye maneno uliyoyafupisha.

Kuandika

Toa dakika 45 na maneno 250. Aya ya kwanza iseme nani ameshinda, mbio gani, umbali na muda kwa kilomita. Ya pili iende moja kwa moja kwenye mahali mbio ilipoamuliwa. Nukuu moja, fupi. Kisha maelezo ya aliyeshindwa kwa sababu inayoonekana. Asili ya mchezo, miaka na historia viingie pale tu vinapoeleza jambo. Ourasi alishinda Prix d'Amérique mara 4, miaka ya 1986, 1987, 1988 na 1990. Mweke kwenye habari kama kuna farasi anayeikaribia rekodi hiyo, la sivyo mwache apumzike.

Sentensi dhaifu: "Nambari 7 alishinda kwa kishindo baada ya mchuano mkali." Haina kitu ndani. Sentensi inayofanya kazi: "Nambari 7 alikaa mgongoni mwa kiongozi hadi juu ya mlima, akatoka nje zikiwa zimebaki mita 400, na nambari 3 aliyekuwa amebeba upepo mzunguko mzima hakuwa na jibu." Kila kipande cha sentensi hiyo kinatoka kwenye daftari la mtu fulani kwenye kundi. Mhariri akimwuliza mwanafunzi aliona wapi, lazima aonyeshe ukurasa.

Majina ya farasi na ya mashindano yabaki kama yalivyo. Prix ni tuzo, lakini ukiandika Tuzo ya Amerika hakuna atakayeipata akitafuta.

Mkeka

Vibanda vya kubashiri viko kila kona ya uwanja, na mchezo huu Ufaransa unaishi kwa fedha hizo. Tiketi ya kutaja farasi watatu wa kwanza, tiercé, ilianza mwaka 1954. Chini ya miaka 18 ni marufuku kucheza. Kwa warsha, marufuku iwe ya wote, watu wazima pia, siku yote. Aliyeweka euro 5 kwa nambari 7 hamtazami nambari 3. Kiwango cha malipo kwenye ubao kinaweza kutajwa, mradi ieleweke kwamba kinapangwa na fedha za wachezaji wenyewe: kinaonyesha umati unafikiri nini, hakisemi farasi ana uwezo gani. Kikishuka ghafla dakika za mwisho, uliza kwa nini, na usiandike uvumi.

Ukiwa mbali na Paris

Warsha ya Mombasa au Goma inaweza kufanya siku ya kwanza na ya tatu kwa video. Majira ya baridi Paris iko saa mbili nyuma ya Nairobi, kwa hiyo mbio ya saa 10 alasiri kule ni saa 12 jioni Mombasa na saa 11 jioni Goma. Tazameni moja kwa moja, sauti imezimwa, mtangazaji wa Kifaransa asiwafanyie kazi. Kamera itafuata walio mbele, na hilo ndilo pengo lenu kubwa. Chagueni mbio za farasi wasiozidi 10 ili wote waonekane. Andikeni matokeo yenu kabla ya yale rasmi kutoka, wekeni karatasi mezani zikiwa zimefunikwa, kisha mzifunue. Ikiwa kundi lote limemwandika aliyevuka wa kwanza na waamuzi wamemwondoa, rudisheni video hadi juu ya mlima na mtafute kichwa kilichoanza kupanda na kushuka.